JUA LA NGAREMARA NA MOSHI WA NG'AMBO

Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama na wazee waliokusanyika Ngaremara, Isiolo. Tunaiandika hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku ile.



Kabla sijaanza, nieleze kwa nini nimechagua habari hii. Mwezi uliopita ndugu mmoja aliniuliza, "Katibu, kazi ya Chama ni mishahara na saa za kazi. Mambo ya jua na mvua yanakihusu nini? Mvua ni ya Mungu." Swali lake ni zuri, wala hakuuliza kwa dharau. Leo nataka kumjibu mbele yenu. Nikimaliza, ninyi wenyewe mtaamua kama jambo hili ni letu au si letu.

1. "NI MTO"

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa jikoni katika kambi moja ya watalii kando ya Ewaso Nyiro. Jina la kambi sitalitaja. Mwaka ule ukame ulikuwa mkali. Mto ulikauka mpaka tukawa tunachimba mchangani kutafuta maji ya kupikia, na ndovu nao wakichimba mbali kidogo nasi. Wageni walipungua. Tukaambiwa tuvumilie, tukawa tunalipwa nusu mshahara. Tulivumilia, kwa sababu nyumbani nako ng'ombe walikuwa wanakufa, na hiyo nusu ndiyo iliyonunua unga.

Kisha ukafika mwezi wa Machi 2010. Mvua kubwa ilinyesha kule juu mlimani, na mto ule ule uliokuwa mchanga mtupu ukaja kama ukuta. Hoteli na kambi kadhaa za Samburu zilibomolewa, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Mimi nilisimama kwenye kilima nikitazama sufuria nilizokuwa nikizisugua kila siku zinavyokwenda zake Lorian.

Wiki iliyofuata tuliitwa. Tukaambiwa kambi haipo tena, kwa hiyo na kazi haipo. Hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja aliuliza haki yake iko wapi. Tajiri akamjibu, "Si mimi niliyekufukuza. Ni mto."

Ndugu zangu, jibu lile nimekaa nalo miaka yote hii. Siku ile tulilikubali. Tulifunga vitambaa vyetu tukarudi nyumbani kwa miguu. Hapakuwa na mwanachama hata mmoja pale kambini. Nami sikujua kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, ilikuwa tayari inasema ya kwamba mfanya kazi akipunguzwa kazini bila kosa lake, apewe notisi ya mwezi mmoja, na alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Sheria ilikuwapo. Sisi ndio hatukuwapo.

Basi, tujiulize vizuri. Mto ule, aliyeukausha ni nani? Na aliyeurudisha kwa hasira namna ile ni nani?

2. HESABU YA MIAKA

Kijiji chetu kina jina la maji. Neno ngare ni la Kimaa, nalo maana yake ni maji. Waliopaita hivi hawakuwa wajinga. Lakini leo mama wa Ngaremara anaamka kabla ya alfajiri na mtungi mgongoni, na akirudi jua limekwisha kuwa kali.

Wazee waliopo hapa wanaweza kuhesabu umri wao kwa ukame. Wanaukumbuka ule wa 1984. Ukaja wa 1992. Ukaja wa 1999 mpaka 2000. Kisha 2005 mpaka 2006. Kisha 2008 mpaka 2009. Kisha 2010 mpaka 2011. Kisha 2016 mpaka 2017. Kisha mwishoni mwa 2020 mvua ikakosekana, ikakosekana tena, na tena, na tena, na tena: misimu mitano mfululizo. Watu wenye kupima mvua walisema haijapata kuonekana kwa miaka 40.

Ukame si jambo geni katika nchi hii. Babu zetu waliujua, wakawa na dawa yake. Walihama. Walikuwa na mbuzi, ngamia na ng'ombe pamoja, ili mmoja akifa mwingine abaki. Walikula makoma kando ya mto. Ukame ukipita, mifugo ilizaana, na katika miaka saba au minane boma likajaa tena. Tazameni hesabu niliyowapa. Siku hizi ile nafasi ya katikati imepungua. Mbuzi waliobaki hawajamaliza kuzaa mara ya pili, na ukame mwingine uko mlangoni.

Katika ukame ule wa mwisho nchi yetu ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, na watu zaidi ya milioni nne wakawa hawana chakula cha kutosha. Kabla yake tulipata nzige. Waliingia Kenya mwezi wa Desemba 2019, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa nchi walizozishambulia. Waliotokea wapi? Mwaka 2018 tufani mbili za baharini zilimwaga mvua katika jangwa la Uarabuni, mahali pasipozoea mvua, na nzige wakazaana huko bila kuonwa na mtu. Na ukame ulipokwisha hatukupata raha. Mwishoni mwa 2023 ikaja mafuriko, na mvua ya masika ya 2024 ikaua watu karibu 300 katika Kenya.

Sasa mfanya kazi ataniambia, "Mimi si mchungaji, mimi nina mshahara." Ndugu, mshahara wako unakwenda wapi? Wengi wetu hapa benki yetu ina miguu minne. Ukame ukija, bei ya mbuzi inaanguka na bei ya unga inapanda, yote kwa wiki moja. Umefanya kazi ya ulinzi miaka mitano ukanunua mbuzi ishirini, na katika misimu miwili huna kitu. Hakuna tajiri aliyewahi kukukata mshahara kiasi hicho.

3. BLANKETI LA HEWA

Nitaeleza chanzo chake kwa maneno ya kawaida, maana si jambo gumu.

Wachungaji wanajua: usiku usio na mawingu, karibu na alfajiri baridi huwa kali. Usiku wenye mawingu, joto hubaki. Kwa sababu gani? Mchana ardhi hupata joto la jua, na usiku joto hilo hupanda kurudi juu. Mawingu hulizuia kama blanketi. Basi iko hewa moja, hewa ya kaboni, ambayo haionekani kwa macho wala haina harufu, nayo hufanya kazi hiyo hiyo, usiku na mchana. Mungu aliiweka kwa kiasi. Bila blanketi hilo dunia ingekuwa barafu tupu.

Lakini tukiongeza blanketi la pili juu ya la kwanza, na la tatu juu ya la pili, aliyelala atatoka jasho. Hewa hii hutoka katika kuchoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli na dizeli, na katika kukata na kuchoma misitu. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 zilikuwa za kaboni. Mwaka 1958 wataalamu walianza kuipima kila siku juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii, wakakuta sehemu 315. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 dunia nzima ilikuwa na joto lililozidi lile la zamani kwa digrii moja na nusu hivi.

Ndugu mmoja atasema, "Digrii moja na nusu ni nini? Hapa kwetu jua huchoma kila siku." Lakini mwili wa mtoto ukizidi joto kwa digrii moja na nusu, mama hasemi ni kidogo, humpeleka hospitali. Hewa yenye joto hunywa maji zaidi. Kila digrii moja ikiongezeka, hewa huweza kubeba maji zaidi, karibu sehemu 7 kwa kila 100. Hunyonya ardhi, hunyonya majani, hunyonya bwawa la ng'ombe. Ndiyo sababu hata mvua kidogo ikinyesha haikai. Na hewa ile iliyolewa maji, siku ikiyatapika, huyatapika yote mara moja. Kwa hiyo ukame na mafuriko si maadui. Ni ndugu wa baba mmoja.

Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali, pamoja na Mkenya mwenzetu Joyce Kimutai wa Idara ya Hali ya Hewa, walichunguza ukame wetu ule wa misimu mitano. Walikata shauri kwamba joto lililoletwa na binadamu limeufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea mara 100, au zaidi, kuliko zamani. Walisema kama dunia isingalikuwa na joto hili, mvua ile kidogo isingalituletea msiba mkubwa namna ile.

Ukitaka ushahidi wa macho, tazama Mlima Kenya asubuhi isiyo na mawingu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakati Mwingereza Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Sasa mingi imekwisha kabisa, na iliyobaki ni vipande. Mto wetu haulishwi na barafu hiyo kwa sehemu kubwa, hulishwa na mvua na msitu. Lakini barafu ile ni kipimo, na kipimo hakidanganyi.

4. ALIYEWASHA MOTO NA ANAYEUNGUA

Mithali husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini kisima hiki amekichimba mwingine, na sisi ndio tuliotumbukia.

Hewa yote ya kaboni iliyotoka katika makaa ya mawe na mafuta tangu viwanda vianze, karibu robo yake imetoka Marekani peke yake. Ulaya nayo ina fungu kubwa. Siku hizi Uchina ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Na Afrika nzima, kutoka Misri mpaka Afrika ya Kusini, haifiki sehemu 4 katika kila 100 zinazotoka kwa mwaka. Kenya haifiki hata sehemu moja katika elfu moja. Umeme wetu mwingi unatoka katika mvuke wa ardhi wa Olkaria, katika maji na katika upepo.

Sisemi haya ili tuwachukie wafanya kazi wa nchi hizo. Wale waliochimba makaa ya mawe walikufa vifua vyao vimejaa vumbi, na faida haikuwa yao. Nasema ili tujue kuhesabu deni. Mwaka 2015 huko Paris mataifa yalipatana kuzuia joto lisizidi digrii mbili, na kujitahidi lisizidi moja na nusu. Katika mapatano hayo yaliandikwa pia maneno juu ya haki ya wafanya kazi wakati wa kuacha mafuta na kuingia kazi nyingine, kwa sababu vyama vya wafanya kazi vya dunia vilisimama vikadai. Mwaka 2022, huko Misri, mataifa yalikubali kuwe na mfuko wa kuwalipa walioharibiwa na mambo haya. Mfuko umekubaliwa, lakini fedha zinakuja kwa matone. Ndugu zangu, mwajiri akikuahidi nyongeza asikulipe, tunajua la kufanya: tunarudi mezani, tunadai, hatunyamazi.

5. MANENO MATATU NINAYOYASIKIA

La kwanza: "Ni kazi ya Mungu." Mimi nami nasali. Lakini lori likimgonga mtu kwa sababu dereva amelazimishwa kuendesha saa ishirini, hatusemi ni Mungu. Tunauliza nani alimpa amri.

La pili: "Ni makosa ya wachungaji, na wachoma makaa." Hapa tuseme kweli. Migunga mingi kando ya barabara hii imekwenda ndani ya magunia ya makaa. Mti ukikatwa, kivuli kinaondoka na ardhi inabebwa na maji. Ni kosa, na tuliache. Lakini mama anayechoma gunia mbili ili mtoto aende shule hakupasha dunia joto. Alianza kuchoma makaa baada ya mbuzi wake kufa. Mkimzuia, mpeni kazi nyingine.

La tatu: "Mto umemezwa na mashamba ya kule juu." Hili nalo lina kweli ndani yake. Upande wa Timau na Nanyuki yako mashamba makubwa ya maua na mboga, na wako wakulima wadogo wengi, na wote wanakunywa kutoka mto huu kabla haujafika kwetu. Wakati wa kiangazi, mferiji mmoja ukichotwa kwa siri juu, kijiji kizima huku chini kinakauka. Lakini nani anashika koleo katika mashamba yale? Ni wafanya kazi kama sisi, wengine ni wanachama wa vyama ndugu. Naye, mvua ikikosa, husimamishwa kazi kama mimi nilivyosimamishwa. Tukigombana naye, matajiri watalala usingizi mzuri. Tukikaa naye katika vyama vya watumiaji maji, tunaweza kudai pamoja kwamba maji ya mafuriko yahifadhiwe katika mabwawa kule juu, ili wakati wa kiangazi mto uachwe utiririke.

Nami nasema jambo hili huku nikiwatazama machoni. Majani yakipungua, bunduki hutoka. Tumezika vijana kwa ajili ya malisho na visima, Mturkana na Msamburu, Mborana na Mmeru na Msomali. Katika kitabu cha Chama hakuna safu ya kabila. Kuna jina, kazi na ada. Tuanze amani kutoka katika kitabu hicho.

6. TWATAKA NINI

Miaka miwili iliyopita kijana wetu mmoja alikuwa kibarua katika kazi ya barabara. Saa nane mchana alianguka na karai la kokoto mkononi. Maji ya kunywa yalikuwa katika mtungi uliokaa juani tangu asubuhi. Mnyapara akasema kijana ni mvivu. Kampuni sitaitaja, lakini kijana yule yuko hapa, amekaa mstari wa tatu, na si mvivu. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2024 kwamba wafanya kazi zaidi ya 2,400,000,000 wanafanya kazi katika joto la kupita kiasi. Kijana wetu ni mmoja wao.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi inaleta kwenu mambo matano:

Kwanza, katika mapatano yajayo na waajiri tudai kwamba miezi ya joto kali kazi za nje zianze alfajiri na zisimame wakati wa jua la utosi, bila mshahara kupunguzwa.

Pili, maji safi na kivuli mahali pa kazi. Sheria ya Kazi tayari inamtaka mwajiri atoe maji ya kutosha. Hatuombi sadaka.

Tatu, kambi au hoteli ikifungwa kwa ukame au mafuriko, kifungu cha 40 kifuatwe. Kila mwanachama ajue namba hiyo kama anavyojua namba ya simu yake.

Nne, Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuwa na kamati za wadi za kupanga matumizi ya fedha za mabadiliko ya hali ya hewa. Tuhudhurie mikutano yake. Tuulize fedha zimekuja ngapi, na kisima kimechimbwa wapi. Na mama awemo, maana ndiye anayeujua uzito wa mtungi.

Tano, tupeleke wajumbe wawili kwa wenzetu wa mashamba ya juu, wakale nao chakula kabla ya kuanza kuzungumza habari za maji.

Sasa narudi kwa ndugu yetu aliyeniuliza swali. Umesema mvua ni ya Mungu. Sawa. Lakini moshi si wa Mungu, mshahara si wa Mungu, na notisi ya mwezi mmoja si ya Mungu. Hayo ni ya watu, na watu huweza kuulizwa. Yule mwenzangu wa miaka kumi na moja alikufa bila kulipwa. Hakuwa na mtu wa kumsemea. Siku mto utakapokuja tena, na utakuja, tajiri atasimama tena na kusema, "Ni mto." Safari hii akute tumekaa mezani, na kitabu cha sheria kiko wazi mbele yetu.

Wanaokubali mambo matano haya wainue mikono.

(Mikono iliinuliwa. Wajumbe wawili wa kwenda Timau wakachaguliwa siku ile ile, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Taarifa yao itatolewa katika gazeti letu watakaporudi.)

UMOJA NI NGUVU.